Nilimwambia mtoto achezeshe mdomo tu, asitoe sauti

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mwalimu wa kiume, miaka 28, nafundisha muziki na Kiswahili katika shule ya msingi ya binafsi hapa Dodoma. Naomba usitaje jina langu wala la shule, maana walimu wa mji huu tunajuana.

Muziki nimeujulia kanisani. Niliingia kwaya ya watoto nikiwa darasa la tatu, nikafundishwa nota za d r m (do, re, mi) na mwalimu wa kwaya aliyekuwa akitugonga vidole kwa ile fimbo ya kuongozea tukikosea. Kufikia kidato cha pili nilikuwa napiga kinanda misa ya pili. Chuo cha ualimu nilichosoma, muziki ulikuwepo kwenye ratiba ya ukutani tu. Kwa hiyo ninachokijua ni cha kwaya: sauti nne, nota ubaoni, kila mtu ashike sauti yake.

Shida imeanza na karatasi. Mkuu wa shule ameagiza kila mwalimu aandike ukurasa mmoja wa "falsafa yangu ya ufundishaji", ukae kwenye faili kabla wathibiti ubora hawajafika mwezi ujao. Mwenzangu wa hisabati kamaliza kwa dakika ishirini, tena akinywa chai. Mimi wiki ya pili hii. Niliingia mtandaoni nikakuta mifano tele, nikaunganisha: "Naamini muziki ni lugha ya ulimwengu. Naamini kila mtoto ana kipaji. Naamini muziki huongeza akili ya hisabati." Usiku nikausoma kwa sauti, niko peke yangu chumbani, nikaona haya. Nikaufuta.

Sababu ya haya ni hii. Mwaka jana, kabla ya mahafali ya darasa la saba, tulikuwa kwenye mazoezi ya wimbo wa kumkaribisha mgeni rasmi. Kuna kijana mmoja, wakati huo darasa la tano, mchangamfu, anafika mazoezini kabla ya wote na kupanga viti bila kuambiwa. Sauti yake ilikuwa chini ya wenzake, inanguruma palepale, haipandi wala haishuki. Nilimrekebisha mara tatu. Zikiwa zimebaki siku mbili, mkuu akaja kusikiliza, akaninong'oneza, "Huyo wa nyuma anatuharibia." Nikamfuata mtoto, nikainama, nikamwambia: "Wewe siku hiyo chezesha mdomo tu, usitoe sauti." Akaitikia, "Sawa mwalimu." Siku ya sherehe alifanya vilevile nilivyomwambia, na kwa bidii, mdomo wake unafunguka kuliko wa mtu yeyote. Video ipo. Siwezi kuitazama.

Januari hakurudi kwaya. Kipindi cha muziki anakaa dirishani anachora malori. Nikimwuliza swali anajibu kwa adabu, basi.

Mwezi wa sita nikaalikwa harusi kijijini, upande wa Mvumi. Kumbe bibi harusi ni shangazi yake yule kijana. Jioni akina mama wamekaa na ngoma zao za muheme katikati ya mapaja, mzee mmoja ana zeze, watoto wako pembeni wanaitikia. Nani anawaanzishia watoto? Yule yule. Sauti iko juu, imenyooka, bibi yake anaipokea na wote wanaingia. Nilidhani nimemfananisha, nikasogea. Ni yeye. Aliponiona akanyamaza, akaenda kukaa nyuma ya dada yake.

Nilirekodi kwa simu. Nyumbani nikawasha kinanda nitafute zile noti. Zote zikakubali, isipokuwa moja ya juu. Iko katikati ya vibonye viwili, haikai huku wala kule. Mawazo ya kwanza yaliyonijia, Mwalimu, nakuambia ukweli, yalikuwa: unaona, bado anashusha. Nikairudia rekodi. Bibi yake anashusha vilevile. Akina mama wote wanashusha vilevile. Zeze nalo. Nikazima kinanda.

Sasa niandike nini kwenye huo ukurasa? Nikiandika kila mtoto ana kipaji, yule yupo darasani ananitazama. Niziache nota nifundishe ngoma za Wagogo tu? Mkuu anataka kinanda na nyimbo za Kiingereza, wazazi wanauliza watoto watapiga piano lini, na mzazi mmoja Mwislamu ameomba mwanawe asiguse ala yoyote. Nina kipindi kimoja kwa wiki, dakika 40, watoto 46, na kinanda kimoja ambacho kibonye kimoja cha fa kimekufa.

Mwalimu wa Kinanda,
Dodoma

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama. Kabla sijakujibu nikupe langu, usije ukadhani unaongea na mtu msafi.

Mwaka 1984, mwalimu mpya, shule moja ya Kanda ya Ziwa, niliwagawa watoto wangu mafungu mawili. Waimbaji mbele. Nyuma wa makofi. Nilijiona nimewatendea wema, maana hata wa makofi nimewapa kazi. Miaka ishirini na ushee baadaye niko sokoni Mwanza nanunua dagaa, mama muuzaji akanitazama, akaniamkia, akanipimia kisha akaongeza viganja viwili vya bure. Nikamwuliza tumejuana wapi. Akacheka: "Mwalimu umenisahau? Mimi si wale wa makofi!" Hakuwa na kinyongo hata chembe. Alijitambulisha tu, kama mtu anavyokuambia yeye ni wa ukoo fulani. Wale dagaa nilimpa jirani.

Tuje kwako. Umechanganya mambo mawili, tuyatenganishe, maana moja ni kosa lako na jingine si kosa la mtu yeyote.

La kwanza ni huko kunguruma. Wimbo wa mgeni rasmi ulikuwa unauanzisha wewe, sivyo? Kwa sauti yako ya kiume. Sauti ya mwanamume ikiimba noti ileile anayoiimba mtoto, inatoka oktava moja chini yake, yaani kutoka do mpaka do inayofuata chini. Watoto wengi wameshazoea, masikio yao yanaruka hiyo oktava bila kuambiwa. Wachache hawaruki. Wanasikia sauti yako iliko na wanaifuata hukohuko chini, na kwa kuwa koo la mtoto halifiki huko, linabaki linasaga kwenye noti ya mwisho linayoiweza. Huyo mtoto hakuwa hasikii. Alikuwa anakusikia sana kuliko wenzake, anahangaika kukupata ulipo. Tena nina hakika wimbo wenyewe mliuanza chini, pale panapokupendeza wewe. Waimbishaji wanaume wengi ndivyo walivyo, na nawasamehe kwa shida. Mtoto wa miaka kumi na moja anakaa vizuri kuanzia re iliyo juu tu ya do ya kati ya kinanda na kupanda. Ukimshusha chini ya hapo, humwachii mahali pa kuimbia.

Na kule Mvumi nani alikuwa anaimba? Akina mama. Sauti zao ziko kwenye ngazi moja na yake. Akawapata mara moja, akawa mwanzilishi.

Dawa yake ni ndogo na haihitaji mshahara wa ziada. Imba kwa sauti nyembamba ya kichwani, hata kama watoto watacheka wiki ya kwanza, au mpe msichana mwenye sauti iliyotulia aanzishe badala yako. Halafu yule anayenguruma usimvute aje uliko. Mfuate aliko. Mwambie amwite mwenzake aliye ng'ambo ya uwanja, lile jina la kuvuta, "Wee Juumaa!" Utasikia sauti imeruka juu yenyewe, na mara nyingi inatua kwa ule mteremko wa so kwenda mi ambao watoto huitana nao. Ishike hiyo so yake, iimbe pamoja naye, kisha sogea hatua moja tu. Dakika tatu, nne, baada ya kipindi, bila watazamaji. Katika miaka yangu yote nilikutana na watoto wawili tu ambao hili halikuwasaidia, na mmoja wao alikuwa na tatizo la masikio, tukampeleka hospitali.

La pili ni ile noti iliyo katikati ya vibonye. Hapo sasa nivute kiti.

Mwombe yule mzee wa zeze akukopeshe uzi wake kwa dakika moja. Uguse katikati kwa ncha ya kidole, bila kuubana, upige: utasikia sauti ileile, oktava juu. Gusa kwenye theluthi yake: so. Kwenye robo: do tena. Sehemu ya tano inakupa mi, ya sita so, ya nane do, ya tisa re. Nimeruka ya saba kwa makusudi. Ya saba inakupa noti inayokaribia ile tunayoiandika "ta" kwenye nota zetu, yaani ti iliyoshushwa, lakini iko chini yake kidogo. Wanaopima sauti hugawa oktava vipande 1,200, nusu toni moja, yaani hatua ya kibonye mpaka kibonye cha jirani, ikiwa vipande 100. Kibonye cha kinanda chako kimekaa kwenye 1,000. Ile ya uzi iko 969. Tofauti ni 31, karibu theluthi ya nusu toni, na ndiyo uliyoisikia kwenye simu.

Muziki wa Wagogo umesimama juu ya ngazi hiyo ya uzi, kuanzia sehemu ya nne kwenda mpaka ya tisa au ya kumi. Hawashushi. Wanaimba pale uzi ulipo. Kinanda ndicho kilichosogezwa: noti zake zimevutwa huku na huku kidogo kidogo, kwa makubaliano ya watu, ili mpigaji aweze kuanzia wimbo kwenye kibonye chochote apendacho. Ni makubaliano mazuri na mimi nayapenda, nimekula kwa hayo. Lakini usiende harusini na makubaliano ya watu wengine ukampimia bibi wa watu. Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wa huko huko kwenu, aliimba noti hiyo mbele ya watu wa Ulaya, Japani na Marekani, akafundisha Bagamoyo mpaka alipofariki mwaka 2003, na sijasikia kama kuna aliyewahi kumwambia achezeshe mdomo.

Ndiyo maana hiyo sentensi yako ya kwanza, muziki ni lugha ya ulimwengu, nashukuru uliifuta. Ingekuwa kweli, wewe mwenye kinanda ungemsikia bibi yake mara moja. Ulisikia kosa pale ambapo kijiji kizima kilisikia wimbo. Miziki ni mingi kama lugha zilivyo nyingi, na mtu hukosea lafudhi ya mwenzake akadhani ni ujinga.

Ya hisabati nayo iache. Najua inapendwa kwenye mikutano ya wazazi. Chanzo chake kikubwa ni jaribio la mwaka 1993 huko California: wanafunzi 36 wa chuo kikuu walisikilizishwa Mozart dakika kumi, wakafanya vizuri zaidi maswali ya kukunja na kukata karatasi kichwani, na faida yenyewe ikayeyuka baada ya kama robo saa. Watu wazima, robo saa, karatasi. Watoto hawakuwemo, na hakuna aliyeimba. Ukimwambia mkuu kwamba muziki upo ili kusaidia hisabati, siku mwalimu wa hisabati akiomba kipindi chako cha dakika 40 utakuwa umeshampa sababu mwenyewe.

Sasa nota. Usiziache! Nimeona hasira kwenye barua yako, na hasira ya mtu aliyegundua kakosea huwa inatupa mtoto pamoja na maji ya kuogea. Nikusimulie zilivyotufikia. Mwalimu mmoja mwanamke wa Norwich, Uingereza, Sarah Glover, ndiye aliyeanza kuwafundisha watoto wake kwa silabi hizo. Mchungaji John Curwen, ambaye mwenyewe muziki wa mistari ulikuwa unamshinda kusoma, akazichukua miaka ya 1840, akazinyoosha na kuzieneza kwa watoto wa Jumapili na wafanyakazi wasio na fedha za kununua ala. Wamisionari wakazibeba. Yaani hizo d r m unazoona ni za wenye vyeti zilitengenezwa kwa ajili ya mtu kama yule kijana wako wa nyuma, na mtu aliyekuwa anahangaika kama yeye. Hata zile ishara za mkono zinazosifiwa leo kuwa za Kodály, mtunzi wa muziki wa Hungaria, Kodály alizichukua kwa Curwen.

Na angalia mstarini asubuhi. Tuni ya wimbo wetu wa taifa ilitungwa mwaka 1897 na mwalimu wa shule wa Afrika Kusini, Enoch Sontonga, aliyekuwa pia kiongozi wa kwaya. Alifariki mwaka 1905. Wimbo ukaja kurekodiwa kwa mara ya kwanza mwaka 1923, London. Miaka 18 hapo katikati ulibebwa na makoo ya wanakwaya na makaratasi yao, ndipo ukatufikia sisi Dodoma. Mtoto asiyejua nota anaimba anachokumbuka tu. Anayejua anaweza kuimba cha mtu aliyekufa kabla babu yake hajazaliwa. Siwezi kumnyima mtoto hilo kwa sababu wewe ulimkosea mwenzake.

Kilichokuwa kibaya ni mpangilio. Uliweka nota ubaoni kwanza, sikio likaja nyuma. Huyo Kodály niliyemtaja, aliyezaliwa 1882 na kufariki 1967, alizunguka vijijini na mwenzake Bartók na mashine ya kurekodia wakikusanya nyimbo za wakulima, kisha akasema shuleni mtoto aanze na hizo, aziimbe mpaka zikae mwilini, ndipo aoneshwe zinavyoandikwa. Kama tunavyofanya na Kiswahili: mtoto anasema "mama" kwa miaka kadhaa kabla hajaonyeshwa herufi m. Usiwafundishe watoto wako nyimbo za Kihungaria, nimewaona wanaofanya hivyo, inasikitisha. Chukua wazo, nyimbo unazo. Chukua wimbo wa kuitikia wa kule Mvumi, wauimbe wiki mbili bila ubao, wauchezee, wapige makofi. Wiki ya tatu andika ubaoni mfupi, d d r m, waulize ni wimbo gani huu. Utawaona wanavyoruka. Ukifika kwenye ile ta ya chini, andika ta, weka alama yako yoyote juu yake, na waambie wazi: kinanda hakina hii, sisi tunayo.

Lakini usijifanye mtaalamu wa ngoma za Wagogo kwa rekodi moja ya simu. Mimi nina ugomvi wa muda mrefu na hizi "ngoma za asili" za shuleni: watoto wanafungwa khanga viunoni, wanarukaruka dakika tano mbele ya mgeni rasmi, mpiga picha anapiga, khanga zinarudi kabatini mpaka mwakani. Mwite yule bibi. Mwalike kipindi cha Jumanne, mpe kiti, wewe kaa chini na watoto uitikie. Na mlipe. Nauli na kitu cha mkononi, kama shule inavyomlipa fundi anayekuja kutengeneza kinanda. Bibi akiitwa bure na fundi akalipwa, watoto wanajifunza kitu hapo bila wewe kufungua mdomo.

Ukisoma vitabu vya falsafa ya muziki utakuta ugomvi mrefu wa wasomi wa Amerika ya Kaskazini. Bennett Reimer alishikilia tangu 1970 kwamba elimu ya muziki ni kumwamsha mtoto ahisi uzuri uliomo ndani ya kazi ya muziki. Mwaka 1995 David Elliott, aliyekuwa mwanafunzi wake mwenyewe, akamgeukia: muziki si kazi iliyokaa pale inasubiri kuhisiwa, ni jambo watu wanalifanya. Maelfu ya kurasa yaliandikwa. Mimi nilipoyasoma nilijiuliza wangefanyaje kama wangekuwa na neno letu moja. Ukiniambia jana kulikuwa na ngoma kwa jirani, umenitajia kile kilichopigwa, waliocheza, walioimba, na usiku wote kwa pamoja. Sijui hata ningewezaje kutoa mtoto mmoja humo nikamwambia awe wa kutazama. Huo nao ni usomi, ila haukuandikwa kurasa nyingi.

Wazazi wa piano: wakaribishe, waambie vidole huja haraka kwa mtoto ambaye sikio limeshatangulia, na kwamba kinanda ni kimoja kwa watoto 46. Hesabu watajifanyia wenyewe. Mzazi wa Kiislamu umsikilize, usimjadili. Kaa naye, mwulize nyumbani kwao kipi kinakubalika. Huenda akakuambia sauti na makofi vinatosha, huenda dufu na kaswida havina neno, huenda hata hivyo asitake. Kwa kuwa kipindi chako sasa kitakuwa sauti kwa sehemu kubwa, mtoto wake hatakuwa wa kukaa nje peke yake. Mkuu wa shule mimi simwezi kutoka huku niliko, ila wakuu wengi hupenda kusikia shule yao ina kitu ambacho shule ya jirani haina.

Karatasi, basi. Usiandike unachokiamini, maana kuamini ni rahisi, hata mimi niliamini kila mtoto anaweza huku nikiwapanga wa makofi nyuma. Andika unachofanya, kwa namna ambayo mthibiti ubora akifungua mlango siku yoyote atakikuta. Kitu kama hiki, kwa maneno yako: Darasani kwangu kila mtoto anaimba kwa sauti, hata siku ya mgeni rasmi. Asiyeipata noti, mimi ndiye ninayemfuata. Wimbo unasikika kabla haujaandikwa. Nyimbo za kwanza ni zile wanazokuja nazo kutoka nyumbani, na wenyeji wa nyimbo hizo hualikwa kufundisha. Kila mtoto akimaliza darasa la saba ataweza kusoma wimbo mfupi wa d r m ambao hajawahi kuusikia. Mistari mitano. Ukurasa uliobaki uache mweupe. Lile la mgeni rasmi ndilo litakalokugharimu, kwa hiyo kabla hujalitia sahihi nenda kwanza kwa mkuu, umsomee.

Umebaki na mtoto mwenyewe, na hili ningependa ulifanye kabla ya karatasi, maana mwezi wa tisa unakuja na darasa la saba linaagwa tena.

Usimwombe radhi mbele ya darasa. Utakuwa unajisafisha wewe, yeye utamwongezea macho ya watu. Mngoje akiwa anachora, kaa benchi la mbele yake, umwambie maneno machache: mwaka jana nilikuanzishia wimbo chini mno, wewe ukanifuata, kosa likawa langu, nikakutwika wewe. Usiseme ulimsikia kule kijijini akiimba vizuri. Asije akadhani umemrudia kwa sababu kumbe anafaa. Kisha nyamaza. Anaweza kusema "Sawa mwalimu" kama alivyosema siku ile, na utajisikia vibaya, na itabidi ukae na hilo.

Wiki moja au mbili zikipita, bibi yake akishakuja darasani, mwulize kama angependa kukusaidia kuanzisha ule wimbo, kwa kuwa wewe sauti yako iko chini. Akikataa, mwambie haya, endelea na lori lako. Umwulize tena Januari.